Protini yako haitoki? Angalia kwanza inapita mlango gani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwezi wa nne huu protini yangu haitoki kwenye seli. Nimeshusha joto, nimepunguza kichocheo cha kuwasha jeni, wapi! Niachane nayo?" Nikaiweka simu chini kwanza. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, tena kwa machozi, nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu.

Mimi nilitaka kuitoa protini ndani ya bakteria wa E. koli na kuifikisha kwenye ile nafasi iliyo kati ya tando zake mbili. Ili niione kwa macho, niliiunganisha na protini ya kijani inayong'aa, ile ya yavuyavu. Mwanzoni kabisa nikaweka ishara, yaani kipande cha asidi amino ishirini na kitu, zilizo nyingi zinachukia maji, ambacho seli hukisoma kama anwani. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe. Basi nikaona anwani nimeshaandika, kilichobaki ni kusubiri mwanga.

Nikatazama kwenye hadubini: giza. Wiki iliyofuata, giza. Msimamizi wangu akasema mbele ya maabara nzima kwamba huyu hata kuunganisha jeni hajui. Sikumjibu. Lakini mpaka leo, nikiingia kwenye chumba cha hadubini, kauli ile naisikia.

Ikapita miezi minane hivyo. Sitawachosha nayo.

Kilichoniokoa ni kuacha kutafuta mwanga na kutumia kingamwili, zinazoishika protini unayoitafuta hata kama haing'ai. Nilivua utando wa nje wa bakteria, nikayakusanya maji yaliyokuwa kati ya tando, nikayapitisha kwenye jeli pamoja na seli nzima; jeli hutenganisha protini kwa ukubwa, ndogo hushuka chini zaidi. Kwenye safu ya seli nzima kulikuwa na mistari miwili iliyokaribiana sana: wa juu hafifu, wa chini mweusi ti. Kwenye safu ya yale maji, ni ule wa chini peke yake. Nilikaa chini sakafuni. Mstari wa juu ni protini yenye ishara, wa chini ni ile iliyokwisha kukatwa ishara. Na kimeng'enya kinachokata ishara hufanyia kazi yake upande wa nje wa utando wa ndani, protini iliyobaki ndani hakiwezi kuikata. Kwa hiyo protini yangu ilikuwa inavuka tangu siku ya kwanza!

Sasa mbona haikung'aa? Mlango nilioupitishia, unaoitwa Sec, ni mwembamba. Protini hupita ikiwa imenyooka kama uzi unaotungwa kwenye sindano, huku protini nyingine, SecA, ikiisukuma kwa nguvu ya ATP, nishati ya seli. Ile ya kijani ikipitishwa hivyo hufika upande wa pili ikashindwa kujikunja sawasawa, na isipojikunja haing'ai. Bakteria wana mlango mwingine, Tat, unaopitisha protini zilizokwisha kujikunja; ishara yake ina asidi amino mbili za aina ya arginini zilizopangana. Nikabadilisha ishara tu, kingine sikugusa. Safari hii bakteria waliwaka pembezoni, kila mmoja na ukingo wake wa kijani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ujue mlango. Usiseme "haitoki" kabla hujajua inatakiwa ipite imekunjwa au imenyooka. Hata kwenye seli zetu wenyewe mambo ni hayo. Insulini huanza na asidi amino 110. 24 za mwanzo ndizo anwani, nazo hukatwa inapoingia kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa tando ndani ya seli; baadaye hukatwa sehemu nyingine ya katikati, na homoni iliyokamilika hubaki na 51. Mitokondria ya binadamu hujitengenezea protini 13 tu, nyingine zote hutoka nje, na nyingi huingia zikiwa zimekunjuliwa. Lakini kwenye kiini protini hupita zikiwa zimejikunja, na kwenye peroksisomu, vifuko vidogo vya vimeng'enya ndani ya seli, vilevile.

Wa pili: tafuta dalili kwamba ishara imekatwa. Mwanga unaweza kukudanganya, na kukosekana kwa mwanga kunadanganya zaidi. Halafu narudia, ujue mlango.

Na ninyi mnaotaka kufika mbali katika kazi hii, nisikilizeni: mtu asikupe matokeo yako kwa mdomo wake. Ukiambiwa huwezi, nenda kapime tena kwa njia nyingine. Mimi nililia miezi minane kwa jaribio lililokuwa limefanikiwa, kwa sababu niliiamini kauli ya mtu aliyekuwa hajaiona hata jeli moja yangu.

Msomaji wangu nimemwambia asiache. Nimemwomba picha ya jeli, seli nzima safu moja na maji ya kati ya tando safu ya pili, na anitajie ishara aliyotumia ni ya mlango upi.