Babu Hakuja na Mayflower: Miaka Minne ya Kutafuta Nasaba ya Wakwe Zangu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Minnesota ameniandikia. Mumewe ni Mmarekani, na wakwe zake wanasema ukoo wao umetokana na walowezi wa mwanzo wa Kiingereza, wale waliovuka bahari kwenda Marekani kwa meli ya Mayflower. Mwanawe ana miaka tisa na anauliza kama ni kweli. "Dada, nianzie wapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo limenila miaka minne, na nusura liniharibie kwa mavyaa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeolewa Massachusetts mwaka wa kumi na mbili huu, na tangu siku ya kwanza ya kupelekwa kwa wakwe nimekuwa nikisikia habari za babu John Howland, aliyekuja na meli hiyo. Kwenye ukumbi wa mavyaa kuna picha ya meli, na chini yake kitabu cha ukoo kilichochapwa zamani, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila sikukuu kitabu kinashushwa. Kila mjukuu anasimuliwa jinsi babu alivyopigwa na wimbi mwaka 1620, akatupwa baharini katikati ya dhoruba, akashika henza iliyokuwa ikiburuzwa majini, wakamvuta kwa kamba na upondo hadi sitahani. Kisa hicho ni cha kweli. Kimeandikwa na William Bradford, gavana wao, aliyekuwa ndani ya meli hiyohiyo. Mimi binti wa mvuvi kilinishika siku ileile, maana henza naijua.

Basi nikajipa kazi. Nikamwambia mavyaa: mama, nitakuletea ushahidi wa kila kizazi, tupeleke kwenye chama cha wajukuu wa walowezi, wajukuu zako wapate cheti. Alinikumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza. Nalisema hili ili mjue nilianza na moyo gani.

Mwanzoni nilielea kwa furaha. Kumbukumbu za mahakama ya koloni la Plymouth, walilolianzisha walowezi hao, zilichapishwa karne ya 19, juzuu kumi na mbili, na leo mtu anazisoma bure akiwa jikoni kwake. Nikamkuta John Howland katika mgawo wa ng'ombe wa mwaka 1627. Watu wote wa koloni waligawanywa mafungu kumi na mawili, kila fungu watu kumi na watatu. John, mkewe Elizabeth na wenzao wakapata mtamba mmoja aliyeletwa na meli iitwayo Jacob. Mtamba huyo ana jina: Raghorn. Karani wa miaka mia nne iliyopita kaandika jina la ng'ombe! Nikampigia simu mavyaa saa nne usiku kumweleza habari za Raghorn.

Vizazi vya karibu navyo havikunisumbua. Vyeti vya kuzaliwa, sensa, mawe ya makaburini. Miezi mitatu nikafika karne ya 19. Hapo ndipo wengi mnapoanza kujiona mabingwa. Mimi pia.

Kisha nikafika miaka ya 1700, mji wa Marshfield, nikakuta wanaume wawili wenye jina lilelile, ukoo uleule, wakati mmoja. Kitabu cha mavyaa kilikuwa kimemchukua mmoja wao na kumpachika kwa John wa Mayflower, bila kueleza kwa nini yeye na si yule mwenzake. Nikasema huyu "mkubwa" na yule "mdogo", basi ni baba na mwana. Kosa. Enzi hizo "mdogo" lilimaanisha tu kwamba mjini yupo mwingine mwenye jina hilo anayemzidi umri. Angeweza kuwa ami yake, binamu, au hata mtu baki. Mkubwa akifa, mdogo anapanda cheo na kuwa mkubwa, na wewe msomaji wa leo umeshapotea.

Makosa mengine niliyofanya nayataja haraka, maana aibu bado ninayo. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1672 kwao ilikuja baada ya Desemba 1672. Ndiyo sababu utaona kifo cha John Howland kimeandikwa Februari 1672/73. Sisi wa pwani tumekulia na kalenda mbili na mwezi wa kuandama, ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nikamtangazia mavyaa, mezani, mbele ya watu, kwamba bibi mmoja wa ukoo alizaa kabla ya ndoa. Hakuzaa. Nikajifunza vilevile kwamba neno lao la mama mkwe enzi hizo liliweza kumaanisha mama wa kambo. Hilo sikulitangaza.

Kilichonivua kwenye tope ni ardhi. Dada, shika hili: vyeti vya kuzaliwa vinapotea, lakini watu wakigombea shamba karatasi zinabaki. Tafuta hati za ardhi, tafuta mirathi, tafuta theluthi ya mjane, yaani fungu la mke aliyefiwa. Nilisoma hati mbili za wale wenye jina moja mpaka macho yakaniuma, ule mwandiko wa zamani ambao herufi s inafanana na f. Mmoja ametia sahihi jina lake zima, kwa mkono mzuri. Mwingine ameweka alama tu, kijiti na mkato, kama mtu aliyeanza kuandika herufi akaghairi. Mwenye alama ndiye wetu. Na mwenye alama, hati baada ya hati, alirudi nyuma hadi kwa Arthur Howland.

Arthur alikuwa ndugu yake John. Walikuwa ndugu watatu waliovuka bahari: John na Mayflower, Arthur na Henry baadaye. Na kila mjuzi wa nasaba za Marekani atakuonya ujihadhari na hadithi ya "ndugu watatu waliovuka bahari", kwani nyingi ni za kubuni. Hii yetu ni ya kweli, na ndiyo iliyotuangusha.

Sikukata tamaa mara moja. Mwana wa Arthur, naye Arthur, alimwoa Elizabeth, binti wa gavana Thomas Prence. Mke wa kwanza wa Prence alikuwa Patience, binti wa William Brewster wa Mayflower. Nikaruka jikoni! Cheti tutakipata kwa mlango wa nyuma. Halafu nikatazama miaka. Patience alifariki 1634, na Elizabeth alizaliwa na mke wa baadaye. Nikaketi.

Chama kilijibu maombi yetu kwa barua ya mistari sita. Mnyororo haufiki. Niliifungua mimi, nikaenda kumsomea mavyaa. Hakulia. Alisema, "Kitabu kilikuwepo kabla hujaja." Miezi saba hatukusemezana zaidi ya salamu, na Novemba ile, kwenye chakula cha sikukuu yao ya kushukuru (Thanksgiving), picha ya meli haikuzungumziwa na mtu. Mimi niliyefanya kazi yote ndiye nikawa mbaya. Bado linaniuma, sifichi.

Lakini jamani, tuseme kweli. Kwetu pwani kila mtu babu yake alitoka Shirazi, hakuna ambaye babu yake alikuwa mchota maji. Marekani ni hivyohivyo kwa Mayflower. Gustave Anjou, Msweden aliyehamia New York, aliwatengenezea matajiri nasaba za kughushi kwa malipo, na mpaka leo kuna watu wanazinakili. Ukiingia kwenye mitandao ya nasaba utakuta shajara za ukoo elfu zinazokubaliana; zimenakiliana tu. Usiokote babu wa mtu. Anza na aliye hai, rudi nyuma hatua moja moja, kila hatua na karatasi yake. FamilySearch ni bure, anzia hapo. Hatua moja moja, nasema tena, maana najua utaruka.

Na babu uliyempata, mpokee. Arthur mkubwa aliwafungulia Waquaker nyumba yake wakati dini yao imepigwa marufuku, akashtakiwa na kutozwa faini. Ndio haohao ambao sisi Afrika Mashariki, hasa watu wa Kaimosi kule Kenya, tunawaita Marafiki. Arthur mdogo alimpenda binti wa gavana bila idhini ya babake, na babake huyo ndiye mkuu wa mahakama. Mwaka 1667 akatozwa faini ya pauni tano kwa kumtongoza, akawekewa dhamana ya pauni hamsini, akaahidi mbele ya mahakama kwamba ataacha kabisa. Hakuacha. Mwaka huohuo walioana.

Nilimsomea mavyaa ukurasa huo mwezi uliopita, bila kuombwa. Akauliza, "Pauni tano zilikuwa nyingi?" Nikamwambia nyingi. Akanyamaza, akaomba nirudie pale pa kuahidi kuacha.

Sasa namtafuta Margaret, mke wa Arthur mkubwa, maana wanawake hawa hati zinawataja mume akifa tu. Alhamisi nakwenda masijala ya Plymouth. Mavyaa kasema nisiondoke kabla ya saa tatu, anasubiri miwani yake mipya.