Hatulii mchana kutwa: nimpe simu?

Swali: Shikamoo bibi. Nina mtoto wa miaka 4, tunaishi Newala, nyumba imezungukwa na mikorosho. Kutwa mbio na kupanda miti. Juzi kaanguka, kachubuka goti. Mama mkwe anasema nimpe simu atulie ndani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Simu hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa umri huo acheze kwa kuutumia mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho hasa. Goti lioshe kwa maji safi na sabuni, arudi uwanjani.

Mimi ninachokiogopa ni salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Siku ya kupuliza, mtoto asisogee shambani kabisa, vumbi lile linawasha macho na kubana kifua. Mifuko ya salfa nayo isilale uani. Msimu wa kuokota, mchunge asibangue korosho mbichi kwa meno: mafuta ya ganda yanababua midomo na vidole. Na ndoo za maji zifunikwe, tafadhali sana. Mtoto huzama hata kwenye maji kidogo.

Sasa mfagilie sehemu yenye kivuli, okota vigae na vipande vya chupa, mpe ringi ya baiskeli aikimbize. Kupanda apande, matawi ya chini, nawe uko karibu. Mama mkwe mtandikie mkeka hapohapo awe mwangalizi; kwa kuwa anamhofia mjukuu wake, hakuna atakayemtazama vizuri kumshinda yeye.