Usiandike kwamba seli B inayotambua mwili "inauawa papo hapo"

Mkuu, futa aya yako ya pili kabla hujawasilisha. Umeandika kwamba seli B changa (seli ya kinga inayotengeneza kingamwili) ikitambua molekuli ya mwili wenyewe ndani ya uboho inauawa papo hapo, halafu unauliza jinsi ya kupanga hatua za kwenye wengu na matezi ya limfu. Wengu utasubiri. Ukikosea hapa, yote yanayofuata yameharibika.

Kabla ya kifo kuna kuhariri kipokezi. Seli changa, ambayo juu yake ina kipokezi cha aina ya IgM tu, ikinasa kwa nguvu molekuli iliyo kwenye utando wa seli jirani, inasimama kukua na vimeng'enya vya RAG, vinavyokata na kuunga vipande vya jeni za kipokezi (V, D na J), vinarudi kazini. Kipokezi kina minyororo mizito na myepesi. Mnyororo mzito kwa kawaida hauguswi, kwa kuwa vipande vya D vilivyobaki vilishakatwa na kutupwa. Mwepesi hauna D, kwa hiyo V ya nyuma zaidi inaweza kuungwa na J ya mbele zaidi, na muungano mbaya uliokuwa katikati unaondoka. Kappa, aina ya kwanza ya mnyororo mwepesi, kwa binadamu ina J 5 katika kila nakala ya kromosomu namba 2. Zikiisha, zamu ni ya lamda, aina ya pili, kwenye kromosomu namba 22. Ndiyo sababu seli nyingi za lamda hukutwa zimeshafuta kappa zao. Seli hufa pale nafasi hizo zinapokwisha na kipokezi bado kinang'ang'ania mwili.

Wanaosambaza vile vitini vya "kuchuja kwa kuua" wanakera sana. Panya wa watafiti Nemazee na Bürki wa 1989 walionyesha seli zikitoweka, na vitini vikakomea hapo, wakati uhariri umeripotiwa tangu 1993!

Kwa hiyo kabla hujaandika "hufa", uliza: antijeni (molekuli inayotambuliwa) iko katika hali gani, na mnyororo mwepesi bado una nafasi? Antijeni iliyoyeyuka, inayoshika kipokezi kwa nguvu ndogo, huiacha seli hai ila imezimwa: IgM inashuka, IgD (kipokezi cha aina nyingine) inabaki, na mahitaji yake ya BAFF, protini inayozisaidia seli B kuishi, yanapanda, hivyo ikishindana na wenzake haiishi siku nyingi. BAFF ikizidi, baadhi ya seli hizi hunusurika. Belimumab, dawa ya lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), inaizuia BAFF hiyohiyo.

Na neno "zote", pale ulipoandika kwamba seli za namna hii zote huuawa, liondoe kabisa. Wardemann na wenzake, 2003, walipima kwa binadamu: kati ya seli changa za mwanzo kwenye uboho, asilimia 55 hadi 75 zilitambua mwili, kati ya zilizokomaa kwenye damu bado zilikuwapo takriban 20.