Kamaliza mseto, homa haijashuka

Dada wa Ujiji, unauliza kama kipimo kilidanganya, maana shemeji kamaliza dawa ya malaria na bado anachemka. Huenda hakikudanganya. Mtu anaweza kuwa na malaria na dengue (homa ya virusi inayoenezwa na mbu) kwa pamoja: mbu wa malaria, Anofelesi, humuuma usiku, mbu wa dengue, Aedesi, mchana, na kipimo cha haraka cha malaria hakioni dengue.

Kwanza kagua dozi. Mseto (ALu, hiyo dawa ya malaria) wa mtu mzima ni vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa jumla: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta.

Mrudishe kituoni leo. Kipimo cha haraka kisirudiwe peke yake. Huweza kuonyesha mistari miwili (yaani una malaria) wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Omba damu iangaliwe vimelea kwa hadubini, picha kamili ya damu na kipimo cha dengue. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikishuka, hilo pekee halithibitishi dengue, malaria nayo huzishusha.

Kwa homa apewe parasetamoli tu, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asiguse (diklofenaki ya sindano, ile watu wanayoiomba wenyewe dukani, ndiyo mbaya zaidi), huongeza hatari ya kuvuja damu.

Homa ikishuka kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu ianze, msishangilie. Dengue hugeuka kali hapo. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akilegea, mkimbizeni hospitali ya Maweni hata usiku wa manane.