Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili: ulipie jina au ulipie hali yake?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo akiba yako iwekwe kwenye kiwanja au kwenye bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili ya kuwindia wanyama wakubwa, na kama ni afadhali kununua yenye jina kubwa la London iliyokwisha kukarabatiwa, au ya Birmingham isiyovuma ambayo haijaguswa. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikizikagua na kuzinunua hapa Uingereza, jibu langu limebaki lilelile: chukua isiyoguswa. Isitoshe, nyingi zenye anwani ya London ziliundwa na mafundi wa Birmingham, kisha zikaandikwa jina la muuzaji.

Kagua mitutu kwanza. Baada ya kuiunganisha kwa lehemu, fundi huipiga shabaha huku akisogeza kabari ndogo iliyo kati ya midomo yake, akiilegeza lehemu kwa moto na kuigandisha tena, mpaka risasi ya kulia na ya kushoto zipige mahali pamoja. Kazi hiyo hufanywa kwa kipimo kimoja cha baruti na uzito mmoja wa risasi; kwa kaliba (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) ya .470 ya zamani, ni greni (kipimo kidogo cha uzito) 75 za kodaiti, yaani baruti isiyo na moshi, na risasi ya greni 500. Mitutu ya asili ikibadilishwa, kazi hiyo hupotea pamoja na sehemu kubwa ya bei. Mimi huivua, nikaining'iniza kwenye kidole na kuigonga kwa kipande cha mti: iliyo mizima hulia kama kengele, na iliyoachia lehemu hutoa mlio mfu. Kisha hutazama alama za nyumba ya majaribio, yaani mahali rasmi ambapo uimara wa mitutu hupimwa, kwani iliyopimwa kwa baruti nyeusi peke yake haifai kupigwa risasi za nguvu za kisasa.

Parafujo nazo husema mengi. Kwenye kazi bora, mifuo ya vichwa vyake hulala sambamba na mtutu. Ukiikuta imetafunwa na bisibisi, ujue imepita mikononi mwa mtu asiyejua kazi. Nakshi iliyofifia kwa kung'arishwa hainipi raha hata chuma kikimeremeta namna gani, na kwa bahati mbaya wauzaji hupenda sana kung'arisha.

Kaliba huamua wanunuzi wako watakuwa akina nani. Serikali ya Uingereza ilipozuia .450 nchini India mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hofu ya risasi kuwafikia waasi, watengenezaji walikimbilia .465, .470 na .475. Kampuni ya risasi ya Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi hizi kubwa katika miaka ya 1960, bunduki nyingi zikabaki mapambo. Leo .470 ndiyo ambayo risasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mwindaji na mkusanyaji wote wawili huitaka.

Habari ya mmiliki wa zamani huongeza thamani endapo tu ina karatasi. Bunduki ya .577 iliyotengenezwa na Westley Richards, aliyokuwa nayo mwandishi Hemingway kwenye safari yake ya Afrika Mashariki ya 1953–54 iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 330,000, kwa sababu historia yake iliweza kuthibitishwa. Ukiambiwa bunduki fulani iliua tembo Tsavo, omba barua kutoka daftari la mtengenezaji inayotaja namba yake, kaliba na mteja wa kwanza. Isipokuwepo, usilipe hata senti kwa ajili ya masimulizi.

Usilinganishe na kiwanja kabla ya kutoa gharama. Nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi ada inayokaribia robo ya bei, na muuzaji naye hukatwa yake. Kibali cha polisi, sefu na bima havikwepeki, na kuihamishia Tanzania kunahitaji leseni kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015. Kama fedha hizo utazihitaji ndani ya miaka michache, nunua kiwanja. Kama zinaweza kukaa, tafuta .470 ya Birmingham yenye mitutu yake ya asili na sanduku lake, kisha mlipe fundi bunduki asiye na uhusiano na muuzaji aikague kabla hujatoa malipo.