Tarehe ya saa ya marehemu baba imegoma

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Kigoma mjini, Mwanga, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana washkaji sita kwa mwenzetu mmoja, shemeji anatukaangia migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, kila mtu anakuja na saa moja tunapitishiana huku tunasimuliana imetoka wapi. Mimi nina Seiko 5 ya marehemu baba, aliivaa miaka yote aliyofanya kazi relini. Mara ya mwisho, ilikua kama saa 3 na nusu usiku, ikafika kwa jamaa mmoja akaona tarehe iko nyuma siku mbili, akasema ngoja nikusaidie, akavuta kitufe cha pembeni akazungusha haraka haraka, mi nikasikia kama kitu kimekatika. Tangu hapo mishale inatembea vizuri ila tarehe haibadiliki. Yeye anasema anamjua fundi ataniwekea mashine nyingine na uso mpya, atalipa yeye. Nimekasirika lakini sijui hata kama ni kosa lake, na sijui niendelee kuipeleka au niifungie kabatini.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya yote, usikubali mashine nyingine na usikubali kabisa uso mpya. Huo uso uliopauka ndo aliouangalia baba yako akisubiri treni, ukitolewa hautarudi, na mafundi wengine vitu vya zamani wanabaki navyo.

Sasa nikueleze kilichotokea maana naona hata jamaa yako hajui. Saa yenye tarehe haisubiri saa 6 usiku ndo ianze kazi. Kuanzia kama saa 3 usiku, mshale mfupi ukiwa kwenye namba tisa, kuna gia inaanza kushika meno ya lile duara lenye tarehe na kulisukuma taratibu, usiku wa manane tarehe inaruka, na kwa Seiko yenye siku na tarehe ile siku inachelewa zaidi, inaweza kumalizia kwenye saa 9 usiku. Ukizungusha tarehe kwa haraka katikati ya hapo unalazimisha duara lisogee wakati gia bado imelishika, kijino kinapinda au kinakatika. Na wewe angalia watu wanakula chakula cha usiku saa ngapi! Ni muda ule ule, kila mtu anashika kila saa na kila mtu anataka kurekebisha tarehe. Kwahiyo kosa ni lake ndio, ila ni la kutojua, mwambie kwa upole na umuoneshe njia salama: unavuta kitufe mpaka mwisho, unazungusha mishale kwenda mbele mpaka mshale mfupi uwe kwenye namba sita, yani saa 12, hapo ndo unarudisha kitufe hatua moja unaweka tarehe ya jana, alafu unavuta tena kitufe mpaka mwisho unazungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke iwe ya leo, ndo unaendelea mbele kuweka saa, na kama saa 6 mchana imeshapita uupitishe mshale kwenye kumi na mbili mara nyingine.

Kabla ya kwenda kwa fundi jaribu kitu kimoja. Zungusha mishale mbele polepole masaa 24 mazima, ukiangalia kidirisha. Tarehe ikiruka hata mara moja basi hakuna kilichokatika, inawezekana tu mishale imepishana masaa 12 na tarehe inabadilika saa 6 mchana. Isiporuka kabisa, huenda ni ile gia. Hicho ni kipande kidogo, kinabadilishwa chenyewe, mashine inabaki ya baba. Kaa pale pale fundi akifungua mfuniko wa nyuma, na kipande cha zamani akupe. Jamaa akitaka kulipa alipie hicho.

Halafu kuna jambo linanigusa kwenye hizi saa. Seiko walitoa 5 ya kwanza mwaka 1963 na hiyo tano ni mambo matano waliyoahidi: ijijaze yenyewe mkononi, siku na tarehe kwenye kidirisha kimoja, ihimili maji, bodi na mkanda imara, na kitufe kikae kimejificha kwenye namba nne. Kimefichwa kwa sababu hakuna haja ya kukigusa gusa, saa inajazwa na mkono unavyotembea! Za zamani nyingi hata ukizungusha hicho kitufe siku nzima hazijai, tofauti na saa ya ufunguo. Ivae tu.

Na iendelee kwenda mezani, naomba usiifungie. Ila mwenye saa ndo aguse kitufe, wengine washike na kuangalia, na waangalie kabla migebuka haijaletwa, mawese yakiingia kwenye maungio ya mkanda yanashika uchafu balaa. Tena usiende nayo bombani kuiosha, mpira wa kuzuia maji wa miaka hiyo umeshakauka, maneno ya nyuma ya mfuniko yasikudanganye.

SWALI: Mzee wangu, mimi wa Tabora, Isevya. Na sisi tumeanza kukutana hivyo hivyo. Otomatiki yangu, saa ya kujijaza yenyewe mkononi, tangu juzi inakimbia dakika kumi kwa siku, niliiweka juu ya spika wakati tunakula. Na mwenzangu ana Casio F-91W tu, ile saa ya plastiki ya betri, anaona aibu kuja.

JIBU: Spika ina sumaku. Ule waya mwembamba uliojiviringa ndani ya saa umeshika sumaku, mizunguko yake inagusana, ndo maana inakimbia. Isogeze karibu na dira, hata ya kwenye simu, sindano ikicheza umepata jibu. Fundi mwenye kimashine cha kutoa sumaku anamaliza kwa sekunde chache, asifungue chochote kwanza.

Mwenzako mwambie aje. Hiyo Casio ilitoka 1989, ndani yake kipande cha kwatzi, yani kijiwe kinachotetema kikipata umeme wa betri, kinatetema mara 32,768 kila sekunde, kwa mwezi mzima inapotea sekunde 30 tu kwenda mbele au nyuma, wakati otomatiki ya kawaida sekunde 20 inaweza kuzipoteza kwa siku moja. Mkikaa mezani ya kwake ndo mtumie kuwekea zenu zote.