Udi na saksofoni, mbona zinasikika kama redio mbili

Nimeona swali la kijana wa Malindi, anasema wako watu watano wanapiga hotelini, wanataka kuchanganya jazi na taarab lakini kila wakijaribu inatoka kama redio mbili zimewashwa chumba kimoja, sasa anauliza waanze na kodi gani. Mdogo wangu, hiyo redio mbili mimi nimeipiga karibu miaka miwili nikidhani ni muziki, kwa hivo wacha nikwambie yaliyonikuta. Kodi (za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za nyumba) tutafika, ila sidhani shida yenu iko hapo.

Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), napiga kinanda, na riziki yangu kubwa imetoka hoteli za Malindi na Watamu, kule Waitaliano wakishakula wanataka kitu laini cha kusindikizia kahawa. Msimu mmoja meneja akatuambia hebu leteni kitu cha hapa hapa lakini kiwe jazi. Nikamtafuta mzee mmoja wa kwetu, mpiga udi (kile chombo cha nyuzi cha taarab), amepiga harusi za Lamu tangu mimi sijazaliwa, akavuka na boti mpaka Mokowe akapanda basi akaja. Mazoezi hatukufanya. Nlimwambia tutaelewana tu jukwaani, ujinga mtupu.

Mzee akafungua na Rasti, moja ya ngazi za Kiarabu, yaani mpangilio wa noti. Mimi nikamtandikia kodi ya C meja saba, ile ya kujidai, na mkono wa kulia nikaongeza madoido. Alipogusa noti ya tatu ikawa kama ukucha kwenye sufuria. Nikadhani nyuzi zake zimelegea kwa unyevu wa bahari. Nikageuza ikawa C maina, ndo ikaharibika kabisa. Mzee hakusema kitu, akaweka risha yake ya kupigia nyuzi juu ya goti, akafunika nyuzi kwa kiganja, akaniangalia. Watu wanakula samaki, mpiga dramu anaendelea peke yake kama hajaona, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye vidole. Tulipopumzika akaniambia neno moja tu, "Mwanangu, umepotea ndia."

Niliporudi Amu nikamfuata barazani kwake. Akanionyesha kwenye shingo ya udi, na udi kama unavyojua hauna freti (vile vyuma vya kugawa noti shingoni), akaweka kidole kwenye E flati akapiga, akakisogeza mpaka E akapiga, halafu akakirudisha katikati pale, pasipo na kitu, akasema hapa ndipo. Yaani noti ya tatu ya Rasti inakaa katikati ya E na E flati, na kinanda changu hakina kitufe hapo, mimi nlikuwa nabisha hodi kwenye ukuta. Bayati, ngazi nyingine, nayo ni hivo hivo, ila yake ni noti ya pili. Viko vinanda vya siku hizi vinakuruhusu kuishusha noti moja nusu ya nusu, kama chenu kinaweza sawa, lakini hata hapo gitaa lina freti zake na litagombana na udi vilevile. Kwa hiyo udi ukiingia Rasti au Bayati, kinanda na gitaa nyamazeni. Kabisa. Saksofoni ibaki, kwa sababu mpigaji akijua kazi anaweza kuipinda noti kwa midomo mpaka ikae pale pale alipo mzee, mimi naona saksofoni iko karibu na nai (filimbi ya Kiarabu) kuliko ilivyo karibu na kinanda.

Mkitaka kodi nendeni ngazi ya Hijazi. Kutoka D ni D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, vitufe vyote mnavyo. Mtu wa jazi akisikia hizo noti anakwambia aa, hii si ni D saba yenye tisa iliyoshushwa, na yuko sawa, lakini hapo ndo penye mtego. Masikio yake yamezoea kwamba kodi hiyo ni njia ya kwenda G maina, kwa hiyo anakimbilia G maina anatua kwa furaha, na mwenye udi anashangaa mbona mwenzake ametoka nje ya nyumba, manake kwake D ndo nyumbani. Tulichofanya sisi ni kumwambia wa besi akae D. Akae tu. Kinanda kinaweka noti mbili tatu kwa mbali, basi. Na hili si geni kwenye jazi, Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, kwenye albamu yake ya 1959, Kind of Blue, ana wimbo unakaa ngazi moja vipimo 16, unapanda nusu hatua kwa vipimo 8, unarudi ulipotoka kwa 8 vingine, na umekwisha. Nilimsikilizisha mzee, akasema huyu naye hana haraka.

Sasa mdundo, na hapa ndipo ningeanza kama ningekuwa nyinyi. Chakacha hesabu zake ni sita, ukitaka unapiga makofi mawili ndani yake, ukitaka matatu, na wachezaji wanazisikia zote mbili kwa pamoja ndo maana kiuno kinajua la kufanya. Swingi ya jazi nayo ni tatu ndani ya kila pigo, ila ile ya kati unaimeza: ta-(m)-ta, ta-(m)-ta. Mpe mpiga dumbaki (ngoma ya mkono) chakacha ya polepole, halafu mpiga dramu aweke swingi kwenye sahani ile kubwa tu, uone zinavyokaa kama zimezaliwa tumbo moja. Wetu alikuwa na mazoea ya kupiga snea (ile ngoma kali ya dramu) kwenye mbili na nne kwa nguvu zake zote, tukamnyang'anya fimbo tukampa brashi, akanuna wiki nzima. Lakini udi ukaanza kusikika, kwanza hilo tu lilitosha.

Jambo jingine ni takasimu. Watu husema takasimu ni solo ya jazi ya Waarabu, ni kweli nusu, zote ni za kubuni hapo hapo, lakini takasimu haina mdundo, inapumua yenyewe, ikifika inapotaka inasimama. Msiiharakishe kwa haihati (zile sahani mbili za dramu). Na mwimbaji akiimba, saksofoni ijibu mwisho wa mstari pale fidla zinapojibu siku zote, isiimbe juu ya shairi, watu wa kwetu wanakuja kusikiliza maneno, ukiwafunikia fumbo utajua hujui.

Ya kusikiliza: Ahmed Abdul-Malik, huyu alikuwa mpiga besi wa Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi, na udi pia alipiga, mwaka 1958 akatoa albamu ya Jazz Sahara, humo kuna kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) na fidla pamoja na saksofoni ya Johnny Griffin. Anouar Brahem wa Tunisia, albamu yake Thimar ya 1998, udi na besi na Mwingereza wa saksofoni, dramu hakuna hata moja. Mulatu Astatke wa Ethiopia naye, ngazi za kwao hakuzigusa, alizizungushia vyombo tu. Na kwa udi wa Amu wenyewe Zein l'Abdin, hapo hakuna mjadala. Ila ukiwauliza wazee kuhusu jazi kuwa mwangalifu, wengi ukisema jazi wanakumbuka Morogoro Jazz na OK Jazz, yaani rumba na dansi, mzee wangu alinisumbua mwezi mzima ananiuliza gitaa la solo liko wapi.

Tulirudi hoteli ile ile mwaka uliofuata na nyimbo nne tu, tatu za Hijazi na moja ya Rasti ambayo mimi nilikaa mikono mapajani mwanzo mpaka mwisho. Kwenye hiyo ya Rasti saksofoni ilikosa noti mara mbili hivi, mzee akawa anampigia ile noti tena na tena mpaka akaikamata, wageni wakidhani ndo wimbo ulivyo. Usiku tunakunja nyaya akanivuta pembeni, "Yule kijana wa saksofoni, yuwaya (anakuja) na kesho?"